Lenana kwa siku tatu, nne au tano: unachouziwa Nairobi, unachokipata mlimani

Ukiulizia safari ya Mlima Kenya ukiwa Nairobi, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni idadi ya siku. Tatu bei hii, nne bei ile, tano ongeza kidogo. Vifurushi vyote vinaelekea kilele kimoja, Point Lenana, mita 4,985, na matangazo yote yana picha ileile ya jua likichomoza nyuma ya watu waliojifunika hadi puani. Utadhani kinachotofautiana ni mfuko wako na ruhusa ya mwajiri. Kinachotofautiana hasa ni usingizi: unalala kwenye mwinuko gani, na mara ngapi, kabla ya kuamshwa usiku wa manane uende juu. Tumevipima kwa kipimo hicho, na mengine yamefuata nyuma.

Neno "kileleni" kwenye matangazo lina maana ya Lenana, kilele cha tatu kwa urefu. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni miamba ya kukwea kwa kamba, na kifurushi cha wikendi hakifiki huko. Huo si ulaghai. Lenana peke yake inatosha kumnyamazisha mtu mwenye maneno mengi.

Hesabu ya usiku

Njia inayouzwa sana ni Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, kupitia Nanyuki. Geti liko kama mita 2,650. Kutoka hapo kuna kilomita 9 za barabara ya gari inayopanda taratibu hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili ni kama kilomita 14, unavuka bonde la Liki Kaskazini, unaingia bonde la Mackinder, unafika kambi ya Shipton's, mita 4,200, chini kabisa ya kuta za Batian. Kutoka Shipton's hadi Lenana kinabaki kimo cha mita 785 hivi: saa tatu hadi nne na nusu gizani, nyingi zikiwa za changarawe inayokurudisha nusu hatua kila unapopiga hatua.

Sasa chukua kifurushi cha siku tatu, kipenzi cha watu wa ofisini. Ijumaa alfajiri unaondoka Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi, jioni unalala Old Moses. Jumamosi unalala Shipton's. Jumapili saa nane usiku unaamshwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko Lenana, halafu unateremka mfululizo hadi getini, kimo cha zaidi ya mita 2,300, na kuingia garini ukiwa na matope mpaka magotini. Mwili umepandishwa zaidi ya mita 3,200 katika saa 48 na ushei. Mwinuko wa kule juu unaipa kila pumzi nusu tu na kidogo ya oksijeni ya Mombasa.

Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali utakapolala leo pasizidi mahali ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Kwa hiyo kila kifurushi cha Sirimon kinakopa mwilini siku ya pili. Swali ni kama kinalipa deni kabla ya kukopa tena. Cha siku tatu hakilipi. Wapo wanaokimaliza wakicheka, na ndio wanaosimulia. Wengi wa waliobaki hufika Shipton's na kichwa kinachogonga, hawashiki chakula, hawalali, kisha ama wanageukia njiani ama wanafika Lenana wasikumbuke walichokiona.

Kifurushi cha siku nne ndicho chenye mtego, kwa sababu kuna viwili vinavyouzwa kwa jina moja. Cha kwanza kinaweka usiku wa ziada Shipton's, kabla ya kilele. Cha pili kinaweka usiku huo baada ya kilele, wakati wa kuteremka, tena Old Moses. Kwa bei na kwa karatasi vinafanana. Kwa mwili havifanani hata kidogo. Usiku wa baada unasaidia magoti na kukuwezesha kufika nyumbani mchana, lakini kwa habari ya mwinuko ni sawasawa na siku tatu: umefika Lenana asubuhi ileile ya tatu, na damu yako iko vilevile. Usiku wa kabla ndio unaobadilisha matokeo. Kwa hiyo usiulize "ni siku ngapi?" Uliza, "Nitalala Shipton's mara ngapi kabla ya kilele?" Muuzaji anayejibu papo hapo kwa majina ya kambi na mita zake anaijua kazi. Anayekwambia "usijali, utazoea" anauza viti vya gari.

Siku ile ya ziada Shipton's si ya kulala hemani. Kiongozi mzuri anakupandisha polepole hadi Hausburg Col, pengo kati ya vilele, takriban mita 4,600, mnakaa kidogo, mnarudi kulala 4,200. Panda juu, lala chini. Saa tatu au nne za kutembea bila mzigo, kisha unakunywa maji na kupumzika mchana mzima. Kifurushi kikiandika "siku ya mapumziko" tu, bila kutaja matembezi hayo, dai yaandikwe.

Kuna mbinu nyingine ambayo vifurushi vichache huitumia: kupiga kambi Liki Kaskazini, chini kidogo ya mita 4,000, kati ya Old Moses na Shipton's. Kibanda cha pale ni kichakavu, hivyo lazima hema. Lakini kinakata lile ruka la mita 900 mara mbili, na kwa mtu aliyewahi kuumwa kichwa milimani tunaona ni bora kuliko usiku wa pili Shipton's.

Cha siku tano, panda Sirimon teremka Chogoria, ndicho tungekilipia kwa pesa zetu. Usiku mmoja Old Moses, mbili Shipton's, kilele, kisha unateremkia mashariki kupitia bonde la Gorges, ziwa Michaelson likiwa shimoni chini yako kama sahani, ukuta wa Temple ukisimama wima juu yake. Usiku wa nne unalala karibu na ziwa Ellis au mwisho wa barabara, siku ya tano unatoka. Wapo wanaoibana ruti hiyo iwe siku nne. Basi ujue siku ya mwisho unaanza saa nane usiku, unateremka kutoka mita 4,985 hadi geti la Chogoria, mita 2,950, halafu gari. Kucha za vidole gumba vya miguu ndizo hulipa.

Naro Moru ni fupi na ya bei nafuu zaidi. Inakutoa kambi ya Met Station, mita 3,050, hadi kambi ya Mackinder's, mita 4,200, kwa siku moja: ruka la mita 1,150, na katikati yake kile kinamasi cha mteremko kinachomeza kiatu hadi kwenye kamba. Kwa kuteremka haraka inafaa. Kwa kupanda na mgeni wa mlima, hapana.

Kichwa kikianza kugonga

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu: huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine, hata kama mgonjwa anasema ni jua tu. Dawa yake ya kwanza ni kutopanda zaidi. Ikizidi, ni kuteremka, usiku au mchana. Dalili mbili hazina mjadala. Moja ni mtu kushindwa kutembea mstari mnyoofu, kisigino mbele ya vidole, kama aliyelewa: ubongo umevimba. Nyingine ni kuhema akiwa ameketi, na kikohozi chenye povu: mapafu yanajaa maji. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Kiongozi aulizwe haya kabla hujalipa amana, na majibu yake yalinganishwe na hayo hapo juu. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ni kizuri kuwa nacho, ila nambari peke yake isimfiche mgonjwa: mtu mwenye nambari nzuri anayeyumba bado anayumba.

Vidonge vya acetazolamide, ambavyo wengi huviita Diamox, husaidia mwili kuzoea. Dozi ya kawaida ya kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitafa ganzi ya kuwashawasha na utaenda haja ndogo mara nyingi, ni kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza, na kwa kweli kila mtu amwone daktari badala ya kununua dirishani kwa kuambiwa na rafiki. Vidonge havigeuzi siku tatu kuwa tano.

Mazoezi nayo yasikudanganye. Kuzunguka ukingo wa Longonot, vilima vya Ngong Jumamosi mbili tatu, na Elephant Hill kule Aberdare kwa ajili ya baridi na tope: hayo yatakupa miguu. Hayakupi damu ya mwinuko. Vijana wenye miguu mizuri ndio huugua mapema, kwa kuwa hufika Shipton's saa saba mchana wakati mwongozaji alipanga saa kumi.

Watu utakaopanda nao

KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, hairuhusu mtu kupanda peke yake, kwa hiyo kiongozi utakuwa naye. Idadi ndiyo tatizo. Vikundi vya bei ya chini huchukua watu kumi au kumi na wawili kwa kiongozi mmoja na wapagazi. Njia ikiwa nyepesi hakuna atakayelalamika. Lakini saa kumi alfajiri, katikati ya changarawe, mmoja akishindwa kuendelea, kiongozi ana mambo mawili: kuwateremsha wote, au kumkabidhi mgonjwa kwa mpagazi ambaye kazi yake ni kubeba mizigo. Usiku wa kilele panatakiwa kiongozi mmoja kwa watu watatu au wanne. Kifurushi chenye uwiano huo kitakuwa ghali zaidi, na ni moja ya sababu chache za haki za kuwa ghali.

Angalia pia kama ada za hifadhi zimo ndani ya bei au ziko nje. Ada za KWS hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kulingana na uraia na siku utakazokaa, si taslimu getini. Beba kitambulisho halisi. Kifurushi kinachoonekana rahisi mno mara nyingi kimeacha ada, kulala kambini, au safari ya gari kutoka Nanyuki hadi getini, na vyote vitarudi kwako njiani. Bakshishi ya wapagazi isemwe mapema pia, pamoja na uzito wa mwisho wa begi unalomkabidhi mpagazi. Usifike getini na sanduku la magurudumu; limewahi kuonekana.

Vifaa vya kukodi na vya mitumba

Hapa vifurushi vingi huteleza. "Vifaa vimejumuishwa" maana yake huwa hema na godoro jembamba la sponji. Begi la kulalia hukodishwa pembeni, na nusu ya yanayokodishwa yamechoka. Lebo ya begi ina nyuzijoto tatu: ya starehe, ya kikomo, na ya mwisho kabisa ambayo ni ya kutokufa tu. Muuzaji husoma ile ya mwisho. Wewe soma ya starehe, na itafute iwe nyuzi 5 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa kuwa Shipton's huganda usiku na vibanda vyake havina joto la kuwashwa. Begi la manyoya lililotolewa kwenye mfuko wake likitikiswa linatakiwa kufura ndani ya dakika chache. Likibaki bapa kama chapati, manyoya yamekufa. Rudisha.

Viatu nunua, usikodi. Kwenye masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba kuna viatu vya mlimani vya kampuni kubwa kwa bei ya ndala za dukani, na vingi ni vizuri. Vina kasoro moja isiyoonekana kwa macho. Sponji ngumu iliyo kati ya soli na kiatu, hasa ile ya poliyurethani, huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini miaka yote. Ngozi inang'aa, soli ina meno mapya, na siku ya pili mlimani soli nzima inabanduka kama gamba. Ndiyo maana kiatu kisichochakaa kinatisha zaidi ya kilichochakaa kiasi. Kipime hivi: kikunje kwa nguvu mara kadhaa, bonyeza ile sponji ya pembeni kwa ukucha wa kidole gumba, angalia mipasuko midogo na unga. Ikibonyea na kubaki na alama, au ikitoa ungaunga, kiache hata ukipewa bure. Ukishakinunua, tembea nacho msitu wa Karura kwa wiki tatu. Kikitaka kufa, kifie mjini. Na beba mita mbili tatu za utepe wa gundi zilizozungushwa kwenye chupa ya maji.

Makoti ya mvua ya mitumba yana ugonjwa wa jamaa yake: utando wa ndani unabanduka mabegani. Geuza koti nje ndani uone. Ukiona malengelenge au magamba, maji yatapita. Nguo za ndani ziwe za sufu au za nailoni ya michezo. Pamba ikilowa haikauki kule, na jinzi ni pamba. Sweta kuukuu la sufu la shilingi chache linaishinda fulana mpya ya pamba ya dukani.

Usiku wa kilele unahitaji tochi ya kichwa yenye betri mpya na nyingine mfukoni, jozi mbili za glavu, mavini (kofia ya kufunika masikio), na kitu cha kuziba shingo. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu na kuziba mdomo. Ule mrija wa kunyonyea wa begi la maji huganda kabisa kabla ya saa kumi. Simu iwekwe kifuani ndani ya koti, la sivyo baridi itaizima mnapofika kwenye picha uliyoilipia. Kipande cha mwisho cha Lenana kina vyuma na ngazi vilivyofungwa mwambani. Asubuhi huwa na barafu, na glavu za sufu huteleza juu yake, hivyo jozi ya pili iwe ya ngozi au mpira.

Chakula ni kizuri kuliko unavyotarajia karibu kila mahali: supu, chapati, uji, matunda. Wapishi wa mlima huu wanajua kazi. Usiache kitu nje tu, pimbi wa kambini ni wezi waliokubuhu.

Lini

Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Bahati mbaya kalenda yetu haikupangwa na wapanda mlima: Pasaka huangukia masika, na Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, huja vuli ikibisha hodi. Ndizo wikendi ndefu ambazo vikundi vinajaa na theluji mpya inafunika njia. Ukilazimika kwenda wakati huo, panda na ushuke Sirimon. Upande wa kaskazini-magharibi ni mkavu kuliko Chogoria.

Anayetaka kamba na mwamba aachane na vifurushi hivi kabisa. Ukuta wa kusini-mashariki wa Nelion, walipopitia wapandaji Shipton na Wyn Harris mwaka 1929, unafaa kuanzia Desemba hadi Februari, na ukuta wa kaskazini wa Batian unafaa kuanzia Julai hadi Septemba, kwa kuwa mlima uko karibu kabisa na ikweta na jua huhama upande. Mountain Club of Kenya, yenye jumba lake kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, ndipo mahali pa kuanzia mazungumzo hayo, si kwa muuzaji wa wikendi.

Kwa waliochagua siku tano na Chogoria, bado kuna swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: gari litangoja wapi? Kutoka geti la Chogoria hadi mjini Chogoria ni kama kilomita 30 za barabara ya msituni, na mvua ikinyesha, matatu ya kawaida haipandi. Vifurushi vingi huacha gari la Nairobi mjini na kukodi Land Rover ya wenyeji kukufuata juu. Ni mpango mzuri, mradi nauli yake iwe imelipwa na jina la dereva liko kwa kiongozi. La sivyo, utaijadili bei getini saa kumi na moja jioni, miguu ikiwa imeisha, nyati wakianza kutoka msituni, na dereva akijua vizuri kwamba huna gari lingine.